Ijumaa Yangu Siigawi

Ghubra, Maskati

Kwako Dada Hadija,

Shikamoo dada. Natumaini goti la mama limetulia na mvua hizo, na wewe na watoto mnaamka salama. Mimi ni mzima, ila nimechoka na nimekasirika, na hasira yenyewe nusu ni ya watu wa huku, nusu ni yako. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga, maana kwenye simu ukisikia jambo hulipendi, mtandao wako unakatika ghafla! Barua anakuletea Stella, yule rafiki yangu wa Mwanza anayefanya kazi saluni. Anakwenda likizo na basi lake linapita hapo Singida. Isome mpaka mwisho.

Unajua siku yangu ya kupumzika ni Ijumaa. Hukupewa hadithi yote. Mwaka wa kwanza sikuwa nayo kabisa, mpaka Stella na wenzake wanaokutana pwani hapa waliponifumbua macho: mkataba unasema siku moja kila wiki, siyo hisani ya bosi, ni haki. Nikadai, nikanuniwa, nikapewa. Siku hiyo nakaa mchangani na wenzangu, halafu nampigia mwanangu Rehema hapo kwako, namsimulia hadithi kwa Kinyaturu kama mama alivyotusimulia sisi. Siku nyingine zote nasema lugha za watu.

Basi sikia maajabu. Bosi wangu, Bi Salma, ni Mwomani, lakini mama yake mzazi, Bi Asha, kazaliwa Unguja, na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Au niseme ilikuwa, maana watoto sasa ni Kiarabu na Kiingereza tu. Bi Salma akawaita wenzake wenye asili hiyo, wakakaa kwenye majlis, sebule yao ya wageni, wakala halua, wakalia na machozi kabisa: lugha ya bibi zetu inakufa, tuwafungulie watoto darasa. Mimi namimina kahawa, moyoni nasema hawa wamenena. Nikawapenda. Kumbe!

"Zainabu," Bi Salma akaniita, "weye ndiye utakayewasomesha. Kila Ijumaa, baada ya sala."

"Ijumaa ni siku yangu, madamu."

"Kwani hiyo kazi? Si kusema tu na watoto? Lugha unayo bure."

Yaani dada, nilitaka kuliangusha birika! Wanaitetea lugha yao kwa siku yangu, siku pekee ninayosema ya kwangu. Nikasema sitaki. Bi Asha akaingilia kupoza: "Nna ombi, mwanangu. Mara moja tu, tuone." Kwa heshima ya yule bibi nikakubali mara moja. Ijumaa hiyo Rehema hakusikia sauti yangu, na mpaka leo hujaniambia kama aliniulizia.

Watoto wakaketi, mama zao nyuma wameinua simu warekodi. Nikaanza kwa wepesi, kila mmoja aseme Kiswahili anachokijua. Akasimama kitindamimba wa Bi Salma, mtoto mchangamfu yule, akanikazia macho: "Leta maji!" Wa pili: "Ondoa vyombo!" Wa tatu kaweka na mkono kiunoni: "Haraka, we msichana! Husikii?" Sauti ni za mama zao, hazikupungua hata kidogo. Nikauliza, hakuna anayejua kusema pole? Umelalaje? Nakupenda? Wakatazamana. Kumbe Kiswahili wamekisikia jikoni tu, mama zao wanapomwamrisha mfanyakazi. Kwa watoto wao, wale mama wanasema Kiarabu.

Simu zikashuka moja moja. Bi Asha akajifunika uso kwa mtandio.

Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa. Nikawaambia, "Hawa wameshafundishwa, tena wamefaulu. Waliowafundisha ni nyinyi. Zungumzeni nao nyinyi wenyewe, na mimi niachieni Ijumaa yangu." Bi Salma alininunia, hata chumvi aliiomba kupitia kwa mtoto. Kisha asubuhi moja akaja jikoni mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema, "Umeamkaje, Zainabu?" Tangu nifike nyumba ile hakuwahi kuniuliza. Darasa limehamia Jumamosi, ndani ya saa zangu za kazi, na kila mama anakaa na mtoto wake.

Nikaenda pwani kichwa kimenivimba kwa ushindi. Nikampigia Rehema, nikaanza hadithi. Mtoto akanikata: "Mama, ongea Kiswahili. Kilugha ni cha kugombezea watu."

Dada! Nikamuuliza nani kamwambia. Hakuna aliyemwambia, ndivyo anavyosikia. Ukimwita kula ni Kiswahili, ukimbembeleza ni Kiswahili, akivunja sahani ndipo Kinyaturu kinakutoka! Mama naye umemnyamazisha, eti mtoto akichanganya atachapwa shuleni. Mwalimu ana shule yake. Hapo ni nyumbani kwetu. Nikamwomba Rehema anitajie anachojua cha lugha yetu. Akanitajia "toka hapa" na matusi mawili yako, nayajua. Kumbe Ijumaa zote zile hadithi zangu alikuwa akiziitikia tu, haelewi. Wenzangu waliponiona wakaniuliza nani kafa.

Najua unanilelea mwanangu, na wema huo siwezi kuulipa. Lakini usinifanyie wewe niliyofanyiwa na wageni. Mwache mama amsimulie. Na wewe mwamshe kwa ile sauti mama aliyokuwa akituamshia, unaikumbuka, usijifanye.

Nisalimie sana mama, mjomba fundi baiskeli, shangazi wa mnadani, na yule jirani anayewaletea maziwa. Shemeji mwambie redio yake anayo Stella.

Ijumaa nitapiga. Siku hiyo nimeigombea na wenye nyumba yao, sitaki niitumie kuzungumza na mtoto asiyenielewa. Ukipokea usiseme haloo. Niamkue kwa Kinyaturu, taratibu, Rehema akiwa ubavuni mwako, asikie kuwa watu wanaopendana nao hukisema.

Mdogo wako, bado nina hasira,
Zainabu