Matairi Yaliyoshika Kupita Kiasi

Kenosha, Wisconsin
14 Novemba 1994

Mpendwa mpwa wangu Colleen,

Salamu tele, kama theluji iliyolala hapa mlangoni. Hujambo huko Alaska? Jino lilishapoa? Sisi wazima. Mke wangu Arlene goti linamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa. Mimi nazidi kuwa kijana.

Sasa habari yenyewe. Kinyozi ameuza duka, na ule ubao wetu wa kukimbizia vigari vya kuchezea vya umeme, uliokuwa kwenye chumba chake cha nyuma, ukakosa makao. Sisi wa chama cha vigari tukakubaliana: mshindi wa Jumamosi auhamishie chumba cha chini ya nyumba yake. Nilivyoutaka, hata usingizi ulinihama. Lakini Arlene akasema, "Verlyn, lidubwana lile likiingia kwangu, mimi natoka."

Unakumbuka vigari vile: havina usukani, vinafuata mfereji uliochongwa ubaoni, kazi yako ni kubana kitufe cha moto na kuachia. Tairi zikiteleza konani umekwisha. Basi zangu nikazigandisha kwa gundi kwenye rimu, nikazizungusha juu ya msasa mpaka zikawa bapa, kisha nikazipitisha kwenye selotepu zisibaki na vumbi. Mwanangu, zilishika! Nilikibandika kigari ukutani kikakaa kama mjusi. Paka alikigusa, ikabidi tumnyoe. Shemeji yangu Gordy alishuhudia, ingawa atakana.

Jumamosi, kwenye majaribio, kona ya kwanza kikapinduka. Ya pili, kikapinduka tena. Kumbe tairi zikishika mno, kigari kinajikwaa chenyewe.

Gordy akapiga kelele, "Shem, unakimbiza gari au unageuza mayai?"

"Cheka wee! Kilio kina zamu."

Zilizozidi kushika ni tairi za mbele. Arlene alikuwepo, amekuja kuniona nikishindwa. Nikachomoa rangi ya kucha mkobani mwake, nikazipaka hizo za mbele ziteleze kidogo, nikazipepea kwa kofia.

"Verlyn! Rangi yangu ya kanisani hiyo!"

Shindano likaanza. Gordy aliongoza hadi kona ya mwisho. Mbele kwangu kukateleza kidogo tu, nyuma kukashika, nikampita kwa urefu wa pua. Moto ulitoka, watu wakazima taa kuokoa umeme wa mji.

Halafu sote tukamgeukia Arlene. Akakiokota kigari, akatazama zile tairi nyekundu.

"Kilichopakwa rangi yangu ni changu," akasema. "Ubao uje. Dereva mimi."

Sasa uko chini ya nyumba, naye hatoki kule. Gordy anatangaza kwamba mke wangu ananipiga mbioni kila siku. Muongo huyo! Namwachia Arlene ashinde. Jana tu nimemwachia jioni nzima, jasho likinitoka.

Msalimie mumeo Curtis na mama mkwe wako Ruthann. Mungu awape kuni kavu na mioyo yenye joto.

Wako akupendaye hata kuliko ushindi,
Mjomba Verlyn