Waya Shingoni mwa Mbwa wa Nicolas

Jumatatu, 20 Julai 1964

Mbwa hali tena. Juzi aliacha muhogo, jana aliacha hata vichwa vya samaki. Leo nimemsogelea kuliko kawaida yangu na nimeona sababu. Waya ambao Nicolas alimfungia kwenye nguzo ya ua umezama katika nyama ya shingo. Hauonekani. Kinachoonekana ni mfereji wa usaha chini ya manyoya.

Nicolas alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja aliyekwenda zake. Alimleta mbwa huyu mwezi wa Aprili, mdogo, wa kutia kapuni. Siku tatu tu, papa karani, alisema, ninaenda Opala kuangalia mama. Amana ni amana, nilikubali. Kisha habari za vita, barabara zikafungwa. Hajarudi. Mbwa amekua. Waya haukukua.

Nimekuwa nikimlisha kwa fimbo: chakula juu ya jani la mgomba, fimbo ya kulisukuma. Sisi hatushiki mbwa. Lakini kama ningaliupitisha mkono shingoni mwake mara moja tu, ningalijua tangu Juni.

Nimeufungua waya upande wa nguzo. Kipande kilichobaki kinaning'inia. Nimechoka.

Jumatano, 22 Julai

Maulidi. Nimesoma vibaya, nikaruka mstari mzima, na hakuna aliyenisahihisha. Labda hakuna aliyesikia. Watu wanasikiliza redio siku hizi, hata wakiwa wameketi msikitini.

Jioni amekuja Sébastien, aliyekuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kabla daktari hajaondoka. Amechuchumaa mbele ya mbwa muda mrefu.

"Hapa dawa ya kupaka haitoshi, papa. Ni kupasua, kukata waya, kutoa, kushona. Dawa ya ganzi ninayo, chupa mbili. Vyombo viko kazini, na funguo iko na mukubwa."

Kisha akaniuliza, bila ukali: "Imbwa iko hapa tangu Aprili, papa, na haukumushika hata siku moja?"



Zaina, mke wangu, ameuliza la kwake. Akipona, atakaa na nani? Magoti yake hayawezi tena kufagia nyuma ya mbwa, na sisi tunasali barazani. Kweli. Huyu anahitaji watu watakaompenda kwa mikono.

Jumamosi, 25 Julai

Lambert, mwindaji, amemtazama na kucheka. "Hii ya wazungu inabweka, papa karani. Itafukuza nyama yote ya pori." Mbwa wake hawabweki, huwavisha kengele za mti ili ajue waliko. Nimemwambia huyu naye habweki tena. "Donc hata kubweka hapana? Sasa ninunue nini hapo?" Simuuzi, nimesema. Amezidi kucheka.

Jumatatu, 27 Julai

Nimekwenda kwa miguu hadi kwa Wagenya, wale wavuvi wa kwenye maporomoko. Askari wamenidai karatasi mara mbili. Mmoja aliishika juu chini.

Huko yuko mjane, Berthe, anayekausha samaki. Mtu humwibia samaki usiku. Anataka mbwa, na wajukuu wake wanamtaka zaidi. Nimemweleza yote, hata usaha. Atakuja kumwona Jumatano. Amenipa samaki wawili, na sikuwa na nguvu ya kukataa.

Jumatano, 29 Julai

Amekuja na mjukuu wake, Bibiche. Akaketi chini, akanyoosha mkono, akaita kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Mbwa akamtazama tu. Hakusogea.

Wakati huo mbuzi wa jirani akaingia uani na Bibiche akaokota fimbo kumfukuza. Alipoiinua, mbwa akaja mbio, mkia ukitikisika, waya ukibururwa. Akaketi miguuni pa mtoto, akaisubiri.

Berthe akacheka mpaka akashika tumbo. "Nimeona imbwa za kuogopa fimbo. Hii inapenda fimbo! Ni nani alimufundisha, papa?"

Nikamweleza habari ya jani la mgomba. Akaacha kucheka.

"Alors sikiliza. Kwangu kila mutu iko na fimbo mukononi, wavuvi, watoto, na sasa hawa askari. Itakimbilia kila moja. Siku moja watamuvunja kichwa. Musipasue tu shingo. Mumufundishe mukono. Kisha nitamuchukua, na atalala karibu na moto wangu."

Mkono wa nani? Aliutazama wangu.

Jumamosi, 1 Agosti

Siku ya tatu ya kumfundisha mkono. Naweka samaki katika kiganja nilichokifunika kwa jani. Haji. Namsubiri mpaka mgongo unauma. Zaina anapita, anatazama.

Waasi wanakaribia, wanasema majirani. Wengine wanasema wameshapita Wanie Rukula, kijiji kilicho njiani kuja kwetu. Sébastien amepata vyombo, sikuuliza kwa njia gani. Atapasua Jumanne asubuhi, kwa kuwa mchana anawapeleka watoto wake kwa wakwe. Hakuna siku nyingine. Nimemtumia Berthe habari. Atakuja na mtumbwi Jumanne alasiri.

Jumatatu, 3 Agosti

Amekula kiganjani. Mara moja. Jani lilianguka, na sikuliokota.

Jumanne, 4 Agosti

Mwandiko huu ni mbaya; natumia mkono mmoja.

Sébastien alifika mapema. Akatandika gunia barazani, akachemsha vyombo, akasema: "Bon. Shika kichwa, papa."

Nikasema nimtafute mtu.

"Mutu gani? Angalia barabara."

Barabara ilikuwa tupu. Nikapiga magoti, nikakishika kichwa kwa mikono miwili. Sikujua kwamba masikio ya mbwa yana joto. Alitetemeka tu, hakuniuma, hata ganzi ilipokuwa haijafika vizuri. Waya umetoka kwa vipande vitatu. Damu ilikuwa nyingi. Sébastien ameshona nyuzi kumi na moja, na ya mwisho ilipoingia tulisikia bunduki. Akafunga mfuko bila kunawa.

Agizo lake: asijikune. Akizikata nyuzi leo, damu itamwisha. Nimshike kichwa mpaka atulie kabisa. Na kesho? Akasema, kesho hajui, papa, na akaenda.

Alasiri imepita. Berthe hajafika, mto unasikika, mitumbwi haionekani. Bunduki tena, karibu zaidi. Majirani wamefunga madirisha. Kila nikiondoa mkono, mguu wake wa nyuma unainuka kutafuta shingo. Kila nikiurudisha, unashuka.

Zaina amefungua mlango, ameyakunja mazulia ya kusalia na kuyaweka juu ya kabati. Amesema tuingie, sote. Gunia tutaliburura pamoja, taratibu. Kisha ameleta ndoo ya maji na udongo katika kibakuli, wa kuniosha mikono mara saba kama inavyompasa aliyeshika mbwa, maana wakati wa sala unapita.

Ameuliza kama amimine sasa.

Nimemwambia bado.