Nyati Nje ya Hema

Mwenzangu, uko? Usinipigie, soma tu.

Mume wangu amenifungia nje na nyati. Sitanii. Nyati mzima!

Asubuhi tulikuwa tunarudi kwenye hema letu, hapa hoteli ya porini, baada ya chai. Nyati akatokea kichakani, karibu kiasi kwamba nilimsikia akipumua. Mume wangu akatimua mbio, akaingia hemani, akafunga zipu. Mimi bado niko nje! Nikamwita, "Baba watoto, fungua!" Unajua alinijibu nini? "Usipige kelele, atakuja huku!"

Atakuja huku. Huku aliko yeye!

Mlinzi wa hoteli ndiye aliyenishika mkono akanirudisha nyuma taratibu, mpaka nyati akajiendea zake.

Sasa sikia. Mchana huu mezani, mbele ya wageni wenzetu, bwana anasimulia: "Nikamdaka mke wangu, nikamsukumia ndani, nikabaki mimi mlangoni." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akanigeukia, "Una bahati, mwanangu." Wote wakanitazama. Na yeye akanitazama, macho yananisihi.

Nikasema, "Kweli. Aliniwahi."

Nimesema hivyo, kwa mdomo wangu! Akanibinya mkono chini ya meza, amefurahi.

Na safari hii niliiomba mimi, ili tupate kuwa wawili tu.

Sasa amejilaza ndani, anakoroma. Mimi nimekaa kibarazani natazama pori. Usinijibu kitu, mwenzangu. Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba nilikuwa nje.