Sasa Mimi Ndiye wa Juu ya Gogo

Kaka Asajile,

Kamwene. Najua ungekuwepo ungenirukia papo hapo: "Mhehe wewe, mtu wa Tukuyu anasalimiwa ugonile!" Na mimi ningekujibu kwamba mla ndizi hana la kumfundisha mla ugali. Haya basi, ugonile, kaka. Leo nimekubali mwenyewe, maana kubishana peke yangu hakuna utamu.

Nakuandikia hapa hapa kambini Mufindi. Ni Jumapili, tumetoka kusali, Katarina anapika maharage na ukungu umeinuka kidogo. Nina habari njema, lakini itabidi uvumilie kwanza zile mbaya.

Kichomi kilipokuchukua, nilisafiri na jeneza lako mpaka kwenu. Nilishika udongo kwa mkono wangu nikautupa. Pale uani nilimwona mkeo, mama Tumaini, anaingia ndani akisogeza kile kimlango chenu cha matete, nikataka kucheka na kulia kwa pamoja. Mpasua mbao mzima, milango ya nusu ya Iringa imetoka mikononi mwako, nyumba yako inafungwa kwa matete! Kila mwaka ulisema, "Mvua zikiisha." Mvua zikaisha, nawe ukaisha.

Niliporudi kambini nyapara alikwisha kunipangia mwenzangu wa msumeno. Elia, Mbena wa Njombe, mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa akipasua mbao kwenye shimo la kule bondeni, na miaka yote alikuwa wa chini. Kwa kuwa ni mkubwa kwangu, akapandishwa juu ya gogo kuongoza msumeno, mimi nikabaki shimoni kama zamani zetu. Sikunung'unika. Ndiyo desturi, mkubwa juu, mdogo chini anakula unga wa mbao.

Lakini yule mtu, kaka! Jamani! Salamu haitiki. Wimbo haimbi. Wewe ulikuwa unaanza juu, mimi naitikia chini, na msumeno wenyewe unashika mwendo. Elia alinikatiza siku ya kwanza tu: "Tumekuja kazini au harusini?" Basi tukawa tunapasua kimya. Naye haachii msumeno. Mimi nikivuta chini yeye anaulalia, yeye akivuta juu ananivuta nao mpaka mabega yanawaka. Mbao zikatoka zimepinda kama mkia wa mbuzi. Nyapara akija kuzitazama, Elia anatangulia kusema, "Huyu wa chini anavuta upande. Asajile alimdekeza."

Akinitukana mimi, sawa. Lakini jina lako! Nilikuwa nakaza meno mpaka taya zinauma.

Nilianza kuugua bila ugonjwa. Jumapili usiku nilikuwa silali kwa kufikiria Jumatatu. Chakula nilikuwa nakisukuma pembeni. Katarina akiniuliza kitu namfokea, naye ni mjamzito, hana kosa lolote. Siku moja akaniambia, "Elia umemwacha msituni, mbona hasira zake unanirudishia mimi nyumbani?" Nilikuwa nimekwisha kuamua. Wenzetu walikuwa wanasema kuna lori Mbeya linachukua vijana wa kwenda migodini kusini. Nikaona bora nikachimbe chini ya ardhi kwa watu nisiowajua kuliko kusimama shimoni chini ya mtu yule. Nikafunga blanketi. Katarina alilia, akasema wanaokwenda huko wengine hawarudi, na mtoto atazaliwa baba hayupo. Nikamwambia Jumamosi naondoka.

Nyapara naye akasema mbele ya wote kwamba mbao zikipinda tena mmoja wetu ataondolewa. Nilijua ni mimi, na kwa kweli sikujali.

Sasa sikiliza. Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, huoni hata miguu yako. Nikapanda juu ya jukwaa la gogo kuchukua kabari. Nikamkuta Elia amepiga magoti juu ya gogo, pua inakaribia kugusa mti, anapapasa ule mstari wa mkaa kwa vidole. Nilisimama karibu yake kabisa. Akainua uso akanitazama, akasema, "Nani?"

Kaka, hakuniona! Nami niko pale pale, ningenyoosha mkono ningemshika. Nikasema ni mimi. Akageuza uso haraka, lakini nilikwisha kuyaona macho yake, mekundu, yana utando. Unga wa mbao umeyala miaka yote ile ya shimoni. Yule mtu alikuwa anaongoza msumeno kwenye mstari asiouona, na hofu ya kufukuzwa ndiyo ilikuwa inamtia ukali. Akasema taratibu, "Nina watoto, kijana." Hilo tu.

Wakati ule ule nikasikia kikohozi cha nyapara anakuja njiani. Sikufichi, moyo wangu uliruka kwa furaha. Neno moja tu, Elia anaondoka, nami nabaki na mke wangu. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka. Nikakukumbuka wewe siku yangu ya kwanza, nilipokuwa nausukuma msumeno kwa pupa mpaka ukajipinda, nawe ukachungulia shimoni ukasema, "Wewe vuta tu, usisukume. Ukishavuta, mwachie mwenzio naye avute." Ulikuwa unasema habari za msumeno. Mimi nilisimama pale na neno langu mdomoni, nikaona kulisema ni kumsukuma mtu mzima shimoni.

Nyapara alipofika nikamwambia, "Bwana, namwomba mzee Elia anifundishe kazi ya juu. Yeye asimame chini anisikie kwa mikono ninavyoongoza, anisahihishe." Nyapara akacheka, akasema mdogo juu na mkubwa chini ameiona wapi. Nikasema, "Mwalimu hukaa karibu na kosa, bwana." Sijui nililitoa wapi! Akatupa siku ile moja atuone.

Elia alishuka shimoni. Na chini, kaka, yule mzee ni fundi! Chini hakuhitaji macho, tunafumba wote kwa ajili ya unga. Alivuta, akaachia. Akavuta, akaachia. Nilisikia msumeno unakuwa mwepesi mikononi mwangu. Mstari ulikuwa mbele ya miguu yangu, mweusi, nami nikaufuata mpaka mwisho wa gogo. Gogo la pili, kabla sijafikiri, nikaanza wimbo wako, ule wa kuku wa nyapara. Kimya. Nikaanza tena. Kutoka shimoni ikatoka sauti ya kukwaruza, inaitikia kwa Kibena, maneno siyo, sauti siyo, lakini mwendo ndio wenyewe.

Nikalia. Chini mtu akilia anasingizia unga wa mbao. Juu sikuwa na cha kusingizia, nikalia tu mchana kweupe huku navuta. Tangu nikuzike nilikuwa sijalia.

Mbao zilinyooka. Nyapara alizikagua, akaguna, akaenda zake, na toka siku hiyo hajatutenganisha. Jumamosi lori liliondoka bila mimi. Katarina alifungua blanketi langu akalianika, akaniwekea nyama. Nimelala, kaka. Nimelala usingizi ule wa mtoto. Jumatatu siku hizi ni siku kama siku nyingine. Katarina amemshonea Elia kofia ya gunia yenye pazia la kufunika uso, watu wanamcheka wanamwita bibi harusi, naye anaivaa hivyo hivyo. Sisemi amekuwa malaika. Juzi alinigombeza tangu asubuhi mpaka chakula kwa ajili ya tupa ya kunolea msumeno niliyoisahau nje kwenye umande. Lakini akimaliza kugomba anaita, "Haya, anza wimbo."

Na jina lako amelirudia mara moja tu. Alisema, "Asajile alikufundisha vizuri." Nimeona nikuletee hilo kama lilivyo.

Sasa ahadi yangu. Mvua zikiisha, na safari hii zitaisha kweli, nakuja Tukuyu na mbao za mlango wa mama Tumaini. Zimekwisha kupasuliwa, zinakauka nyuma ya nyumba yangu, nyapara ameturuhusu. Nitaupachika mwenyewe, kisha nije kaburini nikusalimie kwa Kinyakyusa bila ubishi. Elia amesema mzigo ule si wa mtu mmoja, atabeba upande wa pili. Alitaka ashike mbele kwa kuwa ni mkubwa. Nimemwambia mbele nitashika mimi, yeye anifuate. Hakubisha.

Pumzika, kaka yangu. Ndaga fijo, asante sana.

Ni mimi wako wa chini,
Yohana