Breki za Nyuma na Spana Namba Kumi na Tatu

4 Mei

Mwanangu mwenye mikono ya grisi,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, mama yako hajambo ila mguu, nawe natumaini u mzima na umenenepa kidogo. Nakujulisha kwamba breki za nyuma za gari nimezitengeneza mwenyewe, bila kuuliza mtu, na sasa linasimama kama limeitwa na askari.

Nimesoma tena hapo juu. Ni uongo. Gari liko juu ya matofali, magurudumu mawili yako sebuleni, na mama yako ananijibu kwa kukohoa.

Kalipa zote mbili, zile zinazobana pedi kwenye diski ya gurudumu, zimeliwa na kutu. Pedi mpya ninazo ila haziingii, kwa sababu pistoni imetokeza nje na haitaki kurudi. Nimeisukuma kwa kiganja, kwa nondo, na kwa matusi. Seremala wa jirani akaniazima kibano chake cha mbao. Kibano kimepinda, pistoni iko palepale, na seremala siku hizi ananisalimia kwa kidevu.

Ningenyamaza, lakini mama yako ana mazoezi ya goti hospitalini kila Jumatatu, na ngazi ya basi haiwezi. Keshakosa mara mbili. Daktari amesema akizidi kukosa, goti litakakamaa lisikunjike tena. Kwenye simu unaongea naye saa nzima, mimi unanirushia "msalimie baba", ndiyo maana nimeshika kalamu. Hii pistoni ina nini?

Baba yako, fundi


12 Mei

Shikamoo baba,

Habari za afya? Mimi mzima, kazi imenibana.

Usisukume tena. Pistoni za nyuma za gari lile huzungushwa huku unazikandamiza, kama unafunga kifuniko cha chupa. Ndani mna skrubu ya breki ya mkono. Kwanza sugua kutu kwa brashi ya waya, na pini za kalipa ziteleze bila kukwama. Uzipake grisi ya breki, siyo ile ya bawaba za mlango. Najua una kopo moja tu.

Na tafadhali, vua upande mmoja, umalize, ndipo ushike wa pili.

Mwambie mama pole.

Mwanao


23 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na mengine yote ya kuulizana hali tuyaruke, nina hasira.

Zimezunguka! Nilipiga kelele hadi seremala akachungulia. Pini zinateleza, grisi nimenunua ile uliyosema, pedi zimekaa. Waya wa breki ya mkono ulinibishia kidogo, nikaulazimisha, ukakubali. Kalipa nilizivua zote mbili pamoja nikazisugua kwenye beseni la kufulia la mama yako, maana mimi siyo mtu wa kufanya kazi nusu nusu.

Sasa pedali ni laini kama godoro. Siku nne tunatoa upepo ulioingia kwenye mabomba ya mafuta ya breki. Mama yako anakaa kwenye usukani na mguu wake mzima, mimi niko chini.

"Bonyeza!"

"Nimebonyeza!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia. Wewe huko chini umeshikilia nini, usingizi?"

Chupa mbili za mafuta ya breki zimekwisha, nyingine imeniingia sikioni. Pedali inazama hadi sakafuni. Amekosa Jumatatu ya nne. Jana alipiga magoti kuokota sindano, akashindwa kuinuka, nikamwinua mimi, na mimi mwenyewe wa kuinuliwa.

Nimechoka na hili bati.

Baba yako


30 Mei

Shikamoo baba,

Poleni sana. Mpe mama pole ya pekee.

Umezivua zote mbili pamoja. Haya. Lala chini ya gari utazame kile kidude cha kutolea upepo kwenye kila kalipa. Kinatazama juu au chini? Upepo hupanda juu. Kikiwa chini, mtabonyeza mpaka mwakani. Na waya wa breki ya mkono haukubishii bure.

Nijibu upesi.

Mwanao


20 Juni

Shikamoo baba,

Wiki tatu kimya. Mama kwenye simu anasema u mzima na hataki kusema zaidi, ila anacheka.

Kama nimekuudhi, unisamehe. Siku ile uliponiambia karakana siyo mahali pa binti yako niliondoka na hasira, ni kweli, na miaka saba siyo siku saba. Lakini barua ile sikuiandika kulipiza kisasi. Nilitaka mama apone tu.

Kidude kinatazama wapi?

Mwanao


27 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi sijambo, kiburi changu ndicho mgonjwa.

Chini. Vyote viwili vilitazama chini. Kalipa ya kulia niliifunga kushoto, ya kushoto kulia. Wiki tatu sikuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilikusikia unacheka, na ulikuwa na haki.

Nimezibadilisha. Upepo ulitoka kwa dakika kumi, pedali ikawa ngumu kama ubishi wako. Nimelizungusha gari mtaani mara tatu, likasimama kila nilipotaka. Jana nikavaa shati safi, nikamfungulia mama yako mlango. Akagoma.

"Sipandi mpaka fundi alikague."

"Fundi ni mimi."

"Fundi ni yule aliyejua kidude kimetazama chini akiwa mji mwingine."

Neno lile la karakana nililisema mbele ya watu, kwa hiyo na hili nimemwambia seremala alitangaze: nilikosea.

Amekwishakosa Jumatatu tisa. Daktari amempa ya mwisho, tarehe sita Julai. Boliti moja ya kulia nimeikaza kwa koleo na siiamini, kwa sababu spana yangu namba kumi na tatu uliondoka nayo siku ile. Usijifanye umesahau, niliona pengo lake kabatini.

Spana yangu naidai. Posta usiitume, wataipoteza. Iletwe kwa mkono, kabla ya Jumatatu hiyo, na huo mkono uje na grisi yake.

Baba yako, msaidizi wa fundi