Shavu la Marumaru

Kaka Stamatis,

Njooni tu Agosti. Wanao nitawatembeza magofuni mwenyewe, ila wavae kofia, Athens inaungua. Tini zimeiva.

Miaka mitatu imetimia tangu tumzike mdogo wetu Argyro. Padri anataka tufukue mifupa yake, kama ilivyo desturi, tuioshe kwa divai. Mama hataki. Kila siku anakuja makumbusho ninakolinda, anapapasa shavu la msichana aliyechongwa kwenye jiwe la kaburi la kale.

“Mama, hairuhusiwi!”

“Nyamaza wewe. Mtachimba nini kule, na mwanangu yuko hapa?”

Watalii wanampiga picha.

Leo asubuhi, kabla hatujafungua, nilimgusa mimi huyo msichana wa jiwe. Ukumbi una kiyoyozi, kaka. Shavu lilikuwa na joto.

Wanao wabaki Melbourne. Njoo peke yako.

Dada yako,
Vangelio