Filimbi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Septemba 1983
Filimbi tena alfajiri. Mama mkwe amesahau kwamba aliacha uongozi wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana mashambani. Amesahau pia kwamba mimi ni mke wa mwanawe. Filimbi hajaisahau. Wanawake kumi na mmoja wamefika na majembe. Kazi hakuna. Nimewapikia uji kwa aibu. Mama akaniambia, "Wewe mgeni, kaa chini." Miaka kumi na tano napika hapa!

Jumatano, 7 Septemba
Leo sikuwahi kuwazuia. Mama amewaongoza moja kwa moja hadi kwa naibu chifu. Kumkatalia nani angethubutu? Ndiye aliyewafundisha wote kupima mtaro wa kuzuia maji ya mvua shambani. Walikuwa wamechimba mmoja na nusu katikati ya mihogo ya naibu chifu alipotoka mwenyewe na povu la sabuni usoni. Mama akamkemea kwa kuchelewa. Naibu chifu anasema tumfungie ndani, la sivyo tutaitwa barazani. Nilitaka kucheka. Nilitaka kulia pia.

Ijumaa, 9 Septemba
Kimanzi, mume wangu, amerudi kutoka Mukuyuni na kufuli. Eti ni kwa usalama wa mamake. Nimemnunia. Lakini mimi pia si malaika: filimbi nimeificha kwenye debe la mbaazi. Mama ameitafuta mchana kutwa. Hata kuku anayeatamia aliinuliwa akakaguliwa. Chakula amekataa. Najichukia.

Jumamosi, 10 Septemba
Kufuli limefungwa. Anagonga mlango kwa ndani, polepole, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kutembelea.

Jumapili, 11 Septemba
Baada ya kanisa amekuja Nduku, kiongozi wa mwethya siku hizi, na wenzake saba. Hawakungoja chai. Wanataka Mama apige filimbi yake. Wenye nafasi watakuja, shamba watachagua wao. Akipotea njia, boma lolote atakalofika litampa uji na kumrudisha. Kimanzi akasema watu watatucheka.

"Kimanzi, watu walicheka kitambo," Nduku akamwambia. "Ni wewe tu hujasikia."

 Kimanzi akatoa ufunguo. Nami nikaenda kwenye debe la mbaazi, mbele ya wote, nikiona haya.

Jumanne, 13 Septemba
Filimbi. Wamekuja wanne. Wa tano ni naibu chifu, na jembe begani. Mtaro wake ulibaki nusu na mvua i karibu. Mama amemwambia amechelewa tena. Mzee mzima akaomba msamaha.

Jumatano, 2 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Mitaro imejaa, maji yametulia. Kufuli liko kwenye banda la kuku. Mama amekaa kwenye benchi mlangoni, filimbi shingoni. Ameuliza shamba hili ni la nani. Nikasema ni letu. Akauliza mimi ni nani. Nimechoka kusema mke wa Kimanzi. Nikasema mimi ni wa mwethya.

Akasogea kuniachia nafasi kwenye benchi. "Basi kaa. Nilidhani wewe ni mgeni."

Nimekaa.